Orodha ya Azzan

Mimi ni mtu wa orodha. Ofisini kwetu Mkunazini, ghorofa ya pili ya nyumba ambayo ngazi zake zimelika mpaka mgeni hupanda huku ameshika ukuta, nilibandika karatasi juu ya meza yangu tangu siku ya kwanza. Karatasi hiyo ilitaja kila programu tuliyoiandika, lugha iliyoandikiwa, toleo la lugha hiyo, na matoleo ya kila kitu inachokitegemea. Ilipojaa nilibandika nyingine chini yake. Wenzangu walinicheka. Walisema Hashil akioa ataandikisha mahari kwa nambari za matoleo. Niliwaacha wacheke, kwa sababu nilijua haki ni yangu, na mtu mwenye haki hustahamili mengi. Leo nikizitazama karatasi zile natamani kuzichana.

Asiyefanya kazi hii huenda asinielewe, basi nieleze mara moja. Lugha ya kuandikia programu haikai vile vile. Walioitunga hutoa toleo jipya kila mwaka, wakaongeza hili na kuondoa lile, na programu iliyokuwa ikienda vizuri jana ukiipa toleo la leo hugoma, au hukubali ikafanya mambo mengine kabisa. Halafu kuna maktaba. Ndivyo tunavyoviita vipande vilivyoandikwa na watu wengine, ambavyo kila fundi huviazima ili asianze kila kitu upya. Navyo vina matoleo yao, na havipatani na kila toleo la lugha. Ni mambo ya kitasa na ufunguo, na ufunguo unaokaribiana haufungui mlango. Kwa hivyo unaandika. Unaandika toleo gani, maktaba gani, na umebadilisha nini, ili siku ukifa mwenzako aweze kuingia.

Hayo ya kufa nilikuwa nikimwambia Azzan kwa mzaha.

Azzan tulisoma pamoja tangu skuli, tukaanzisha ofisi pamoja, tukakaa meza mbili zinazotazamana kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa fundi kunishinda, nalisema hilo wazi. Lakini meza yake ilikuwa jaa, na kazi zake zilikuwa kichwani mwake. Akiona maktaba ya watu haimfai, huifungua akaibadilisha kwa mkono wake, akaendelea na safari bila ya kumwambia mtu. Nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. "Mali bila daftari hupotea bila habari," nikimwambia. Naye hujibu, bila ya kuinua macho, "Na daftari bila mali, yakhe?"

Kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kukiandika hakikuwa cha ofisi. Kilikuwa cha mwanawe.

Afra ni mtoto wao wa pekee, yeye na Bi Mayasa. Aliugua surua akiwa na miaka minne, akapoteza macho. Alipofika darasa za juu alipewa kompyuta yenye programu ya kumsomea maandishi, nayo ilisoma Kiswahili kama mtu anayetafuna kokoto. Siku Azzan alipoisikia alikasirika, na yeye hakuwa mtu wa kukasirika. Alikuja ofisini akatundika mablanketi katika kuta za stoo yetu, akaingiza kipaza sauti na kiti, na kwa muda wa mwaka mzima, kila siku baada ya sala ya adhuhuri, alijifungia humo akisoma. Alisoma magazeti, hadithi za watoto, maelezo ya dawa, chochote. Kisha akaifundisha kompyuta ile sauti yake, mpaka ikaweza kusoma kitu ambacho yeye mwenyewe hajapata kukisoma.

Mimi niliisikia kwa mara ya kwanza nyumbani kwao Mpendae. Afra alibonyeza, na Azzan akaanza kusoma historia ya darasa la kumi, hali Azzan mwenyewe amekaa mbele yangu anakula embe. Herufi ya ghaini ilikuwa mahali pake, ya dhali mahali pake, na pumzi alizivuta palepale anapozivuta yeye. Zaidi ya hayo, kabla ya kila ukurasa ilikohoa kidogo. Azzan alikuwa na mazoea ya kusafisha koo kabla ya kuanza kusoma, basi kompyuta nayo ikajifunza kwamba ndivyo watu wanavyoanza. Nilimwambia akitoe hicho kikohozi, ni kosa. Afra akasema, "Ami Hashil, usikiguse."

"Na matoleo umeyaandika?" nikamuuliza Azzan.

Bi Mayasa alicheka jikoni mpaka tukamsikia.

Azzan alifariki miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Rajab, Jumanne asubuhi, kwenye ngazi zile zile za ofisi. Moyo. Alikuwa na miaka arubaini na minne. Mimi nilikuwa miongoni mwa tuliomwosha. Tulimwosha mara tatu, ya kwanza kwa maji ya majani ya mkunazi, ya pili kwa maji safi, ya tatu kwa maji yaliyotiwa kafuri, na kila mmoja wetu anajua kwamba mwosha haangalii zaidi ya anachohitaji kukiona, na alichokiona hakisemi.

Wiki ya tatu ya eda, Bi Mayasa aliniita. Nilikaa ukumbini, yeye akakaa chumbani nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa.

"Hashil."

"Naam."

"Wewe ulikuwemo katika waliomwosha."

"Nlikuwemo."

Mkono wa kaka yake ukapenyeza laptopu ya Azzan chini ya pazia, na simu yake juu yake. "Basi naomba uvioshe na hivi," alisema. "Futa kila kilichomo. Usifungue kitu, usisome kitu. Mtu ana mambo yake, na mimi sitaki kuyajua wala sitaki ajue mtu. Msitiri mwenzio. Mwosha naye huoshwa. Kisha laptopu ntaitoa sadaka, apate thawabu."

Hakuna aliyeona ajabu katika maneno yale, mimi wala kaka yake. Ndivyo tufanyavyo. Simu ya marehemu haipekuliwi. Nguo zake hugawiwa, siri zake hufunikwa. Kazi zote za ofisi zilikuwa katika mashine kubwa ya ofisi, nilizihakikisha moja moja kwa orodha yangu. Programu ya Afra ilikuwa katika kompyuta ya Afra, inasoma vizuri, inakohoa vizuri. Sikuona kitu ambacho mimi au mtu mwengine angekihitaji kutoka katika ile laptopu.

Simu niliifuta usiku ule ule. Laptopu niliifungua ofisini asubuhi ya pili yake. Huwezi kufuta bila ya kuona angalau majina ya mafolda, nayo yakanijia kwenye kioo, kama kumi hivi. Niligeuza uso, lakini moja nililiwahi. Folda hiyo iliitwa *Afra*. Nikasema moyoni, haya ni mambo ya mtu na mwanawe, labda barua, labda dua, labda jambo alilotaka kumwambia siku ya harusi yake. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Ningeweza kufungua. Nikasema, la, nimeaminiwa.

Watu wa kawaida hufuta mara moja na wakaridhika. Kufuta kwa namna hiyo ni jina tu, maana vitu vyenyewe hubaki chini kwa chini, na fundi akitaka huvitoa. Mimi si mtu wa kawaida. Nilitumia programu inayoandika sifuri juu ya kila kitu, kuanzia mwanzo wa diski mpaka mwisho wake, kisibakie kitu cha mtu kuchokora. Ilipomaliza mara ya kwanza nikairudia mara ya pili. Ilipomaliza ya pili nikairudia ya tatu. Hakuna kitabu cha ufundi kilichonitaka nifanye mara tatu kwa diski kama ile. Nilifanya kwa sababu ndivyo tulivyomwosha mwenyewe, na niliona vibaya kuiosha laptopu yake pungufu. Kazi hiyo ilinichukua kutwa nzima. Nilikaa pale nikiitazama sifuri inavyopita, nikamsomea Fatiha, na nilijiona mtu mwema. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote, kwamba nilijiona mtu mwema.

Laptopu ikaenda Makunduchi, kwa Maalim Jaku, mwalimu wa madrasa jirani na kwao mama yake Bi Mayasa. Mimi nikarudi kwenye karatasi zangu.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Afra alipanda ngazi za ofisi, ameshika ukuta kama mgeni mwengine yeyote. Yuko mwaka wa pili chuoni Tunguu, anasomea sheria. Alivua begi mgongoni akaiweka kompyuta yake juu ya meza ya baba yake, ambayo mpaka leo hatujampa mtu.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakuleta?"

"Nshazoea njia. Ami, chuo wametupa programu mpya ya mitihani, na haikubali kuingia humu. Wanasema mfumo wa kompyuta yangu mkongwe, ubadilishwe wote."

"Ntakubadilishia."

"Lakini baba asiguswe," alisema.

Ndivyo alivyoiita. Siku ile ndipo nilipojua kwamba tangu Azzan afariki hajasomewa na sauti nyengine. Vitabu vyote vya sheria, matangazo ya chuo, hata ujumbe wa simu za marafiki zake huuhamishia kwenye kompyuta ili asomewe na baba yake. Aliniambia hayo huku anacheka, kama mtu anayekiri ulafi.

"Hatoguswa," nikasema.

Nilinakili programu ya Azzan kutoka kompyuta ya Afra, pamoja na faili kubwa lililobeba sauti yake, nikaviweka ofisini mahali pawili. Maktaba sikuzinakili. Maktaba hazinakiliwi. Unaandika majina na matoleo yake, kisha huzishusha upya kutoka mtandaoni, na hiyo ndiyo kanuni ambayo mimi mwenyewe nimewafundisha watu hapa mjini. Nikaufuta mfumo wa zamani, nikaweka mpya, na lugha ya Python toleo la sasa. Programu ya mitihani ikaingia bila ya shida. Kisha nikairejesha programu ya Azzan, nikaifungua.

Ikagoma.

Sikushtuka. Nililitarajia hilo, kwani Azzan aliiandika kwa toleo la zamani, na matoleo ya zamani yapo mtandaoni, unaweka hilo pembeni mwa jipya na kila moja linatumikia lake. Nilichohitaji ni kujua toleo gani. Nikafungua faili la kwanza la programu ili nitafute dalili. Juu kabisa, kabla ya mstari wowote wa kazi, Azzan aliandika hivi:

*Matoleo yote na marekebisho ya maktaba: tazama orodha, laptopu yangu, folda ya Afra. Hashil, umefurahi sasa?*

Nilisoma mara nyingi, sijui ngapi. Wenzangu waliniuliza kama naumwa.

Nikaenda mbio kwenye kompyuta ya Afra nione kama zile maktaba za zamani zinaweza kuokolewa. Hazikuwepo. Diski yake ni ya aina mpya, ambayo ukishafuta hujisafisha yenyewe papo hapo. Nilijua hivyo kabla ya kujaribu.

Kwa wiki tatu sikufanya kazi nyengine. Nilikisia toleo la Python kwa tarehe za mafaili, nikapata matatu yanayowezekana. Nilikisia maktaba, nikapata sita, kila moja na matoleo yake chungu nzima. Nikachora orodha mpya ukutani, mistari mia na arubaini, na kila mstari ni mchanganyiko mmoja wa kujaribu. Mingi iligoma. Mingine ilikubali, ikatoa mvumo kama wa friji. Mmoja ulitoa mluzi mkali mpaka mtu akafunga mlango. Faili la sauti lilikuwa zima, Azzan alikuwemo humo ndani mzima mzima, lakini namna ya kulisoma ilikuwa katika maktaba alizozibadilisha kwa mkono wake, na alichokibadilisha hakuna mwengine duniani anayekijua.

Alkhamisi moja, baada ya adhuhuri, mstari wa tisini na tatu, Azzan alikohoa.

Nilisimama. Kilikuwa kikohozi chake hasa, kidogo, cha kusafisha koo. Nikangoja asome. Ukaja mvumo kama wa maji yanayomwagika, mrefu, kisha kimya. Nikarudia, akakohoa tena, ukaja mvumo ule ule. Niliirudia programu ile mpaka adhana ya alasiri, na kila mara alikohoa kama mtu anayetaka kuanza, na hakuanza.

Na kila siku mbili Afra alinipigia simu. Hakuuliza kama programu ipo tayari. Aliuliza, "Ami, baba yuko tayari?" Mimi nikimjibu, "Bado kidogo." Nilikuwa muongo, na niliujua uongo wangu.

Lilibaki tumaini moja, nalo lilikuwa la kipumbavu. Jumamosi nilipanda vespa yangu nikaenda Makunduchi. Njia nzima nilijiambia kwamba huenda mara ya tatu umeme ulikatika na mimi sikujua, huenda diski ilikuwa na pembe iliyorukwa, huenda nilikosea. Mimi, niliyejisifu umri wangu wote kwamba sikosei, nilipita Tunguu, nikapita Kitogani, nikimwomba Mungu niwe nimekosea.

Maalim Jaku ni mtu mfupi, mpole, anasema na wanafunzi wake Kimakunduchi kwa kasi ambayo mimi wa mjini hubakia nikiokota neno moja moja. Laptopu ya Azzan ilikuwa juu ya meza ya madrasa, imefunikwa kitambaa cha kufuma, haina hata chembe ya vumbi. Aliitumia kuwasikilizisha watoto visomo. Nilimweleza ninachokitaka, nikamwambia sikuja kuichukua.

"Hata ungetaka," alisema, "sadaka hairejeshwi. Lakini kuitazama haikukatazwa. Karibu."

Nilichomeka flashi yenye programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa. Ilizunguka zaidi ya saa mbili. Maalim akaniletea chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, akakaa pembeni yangu kwa heshima, kama tunaokaa na mgonjwa. Vikaja visomo vyake, barua za madrasa, picha ya maulidi. Chini ya hivyo zikaja sifuri, mstari baada ya mstari, ukurasa baada ya ukurasa. Nilishuka nazo mpaka mwisho wa diski. Hapakuwa na pembe iliyorukwa.

"Ndiyo nini hizi?" Maalim aliuliza.

"Ni mahali palipofutwa."

"Alifuta nani?"

"Mimi. Bi Mayasa alinipa amana nifute bila ya kuangalia."

Alizitazama zile sifuri kwa muda, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mashaallah," alisema. "Amana umeitekeleza. Si wengi siku hizi."

Nilimshukuru. Nikairejesha laptopu mahali pake, nikaifunika kitambaa chake. Baada ya Kitogani nilisimamisha vespa pembeni ya njia nikalia, sikuvua hata kofia ya chuma, nikaona afadhali iwepo, wanaopita wasinione.

Nilifika Mpendae baada ya alasiri. Bi Mayasa alinifungulia mlango, na uso wake ulionesha kwamba ananitegemea na habari njema, kwa sababu sijawahi kwenda kwao bila ya kupiga simu. Afra alikuwa amekaa kwenye mkeka wa ukumbini, kompyuta mapajani. Sauti ya kike isiyo na nchi ilikuwa ikimsomea jambo la mikataba, inatafuna kokoto. Aliponisikia aliizima.

"Ami. Umekuja na baba?"

Nikakaa. Nikawaeleza yote, tangu lile pazia mpaka Makunduchi. Sikuruka kitu, wala ile folda sikuiruka. Nilisema faili lipo zima lakini hakuna wa kulisoma, na orodha ya kulisomea niliifuta kwa mkono wangu, mara tatu. Nilisema nimejaribu mistari mia na arubaini na nilichokipata ni kikohozi. Nilisema nimekuwa nikimdanganya kwa wiki tatu.

Bi Mayasa alijishika mdomo. "Mimi ndiye niliyekwambia," alisema. "Mimi ndiye niliyekwambia usiangalie."

"Hukunambia nifute mara tatu, Bi Mayasa."

Afra alikuwa akipitisha kidole kwenye ukingo wa kompyuta, anakwenda na kurudi.

"Ile folda uliiona," alisema hatimaye.

"Nliiona."

"Na jina langu uliliona."

"Nliliona."

"Na hukuifungua."

"Nliona si adabu, mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepima jambo. "Ungepungukiwa na adabu kidogo tu, Ami," alisema. "Kidogo tu."

Hakulisema kwa hasira. Laiti angelisema kwa hasira. Nilitazama mkeka.

Akaniuliza kama ninayo sauti nyengine yoyote ya baba yake. Yeye hana, alisema. Walikuwa nyumba moja, kila siku wako pamoja, hawakuwa na haja ya kutumiana sauti, na iliyokuwemo kwenye simu ya baba yake ilifutwa pamoja na simu. Zile Azzan alizozirekodi stoo alizifuta mwenyewe ofisini alipomaliza, kwa kuwa zilijaza nafasi, na nakala alikwenda nazo kwenye laptopu. Azzan hakupenda kutuma ujumbe wa sauti. Alisema mtu akitaka kusema na apige.

Lakini alinitumia mmoja. Niliukumbuka pale pale. Ulikuwa wa mwaka ule ule aliofariki, siku niliyokuwa Pemba kwa kazi nikamwandikia maneno makali kuhusu mambo yake yasiyoandikwa. Nilikuwa na hasira siku ile, niliusikiliza nusu, nikaufunga. Tangu afariki sijathubutu kuufungua tena. Kilichokuwemo nilikuwa sikikumbuki.

"Ninao wa sekunde kumi na mbili," nikasema. "Ni wa mambo ya kazi."

"Haidhuru."

Niliutafuta katika simu yangu, miaka mitatu nyuma. Bi Mayasa akakaa chini karibu na mwanawe. Nikabonyeza.

Azzan alikohoa. Kisha akasema, "Hashil, yakhe, punguza kelele. Ile ya Afra orodha yake nshaiandika, toleo kwa toleo, na nlichokibadilisha chote. Imo kwenye laptopu yangu. Nkifa utaikuta." Mwishoni alicheka kidogo, ikakatika.

Bi Mayasa aliinuka akaenda jikoni. Hatukumsikia akifanya kitu huko.

Afra alinyoosha mkono. Nikampa simu, nikamshika kidole chake nikakiweka mahali pa kubonyeza. Akabonyeza, na Azzan akakohoa, akaniambia nipunguze kelele, akaniambia nitaikuta. Afra alikuwa ameinamisha kichwa karibu kabisa na simu, uso wake umetulia. Aliposikia kile kicheko akabonyeza tena.

Mara ya tatu sikuweza. Nikatoka nje kutafuta viatu vyangu.